Bima imenikatalia upasuaji wa kupunguza uzito. Niuze mikarafuu?

Assalaam aleikum Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 36, mkaazi wa Wete. Nafanya kazi tawi la benki Chake Chake, na mwajiri ametukatia bima ya kampuni binafsi, mimi na mume wangu na watoto. Urefu wangu sentimita 160, uzito kilo 97.

Unene ulinianza baada ya mtoto wa pili na tangu hapo haujaniacha. Nimeshaacha wali wa usiku, nimeshatembea alfajiri na wifi yangu, nimeshakunywa chai za kuondoa tumbo zinazouzwa mitandaoni. Napungua kilo tano, baada ya miezi zinarudi na nyengine juu yake. Presha niliambiwa ninayo tangu mimba ya mwisho. Baadaye nikapima sukari kwenye duka la dawa, nayo ikaonekana iko juu. Dawa za yote mawili nanunua hapo hapo dukani kwa pesa taslimu. Kliniki foleni ndefu, na kusema kweli sikutaka kazini wajue kuwa naumwa. Ile kadi ya bima naitumia kwa homa za watoto tu. Magoti yananiuma nikipanda ngazi, na mume wangu anasema usiku nakoroma mpaka pumzi inakatika, hunigutusha nigeuke ubavu.

Mwaka huu nikavuka kwenda Dar es Salaam kumuona daktari mpasuaji. Akanipima, akasema nafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Hospitali ikapeleka maombi ya kibali kwa bima. Jibu lililokuja ni fupi: uwiano wangu wa uzito na urefu haujafika 40, hakuna ushahidi wa maradhi yanayotokana na uzito, wala hakuna kumbukumbu ya miezi sita ya kupunguza uzito chini ya uangalizi wa kitabibu. Nililia, Shangazi. Nina presha, nina sukari, halafu mtu aliyekaa ofisini ananiambia sina kitu.

Sasa kila mmoja ana lake. Mwenzangu kazini ananiambia nile niongezeke nifike hiyo 40, halafu niombe tena. Binamu yangu aliyeko Muscat anasema niachane na bima, niuze fungu langu la mikarafuu nililorithi kwa baba nilipe mwenyewe. Mume wangu hataki kabisa, anasema kwa nini nikate kiungo kizima alichoniumba nacho Mola kwa sababu ya chakula. Mama mkwe anasema nikikonda watu watasema mwanawe hanilishi.

Nifanye lipi? Nina hofu nisije nikawaachia watoto wangu ukiwa kwa uzito huu.

Mwenye Kuhangaika, Wete

*

Wa aleikum salaam mwanangu,

Mikarafuu ya baba usiiuze, na kilo usiongeze hata moja. Hayo mawili nakujibu mwanzo kwa sababu ndiyo yasiyorudishika. Mengine yote yana nafasi, na nafasi yenyewe ni kubwa kuliko ulivyoiona siku uliyolia.

Hebu ichukue tena ile barua ya bima uisome polepole. Bima hukataa kwa njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza husema matibabu haya hayamo katika mkataba wako. Mikataba mingi huweka matibabu ya unene katika orodha ya vitu visivyolipiwa, pamoja na upasuaji wa urembo. Mtu akipewa jibu hilo, hata akileta vyeti vya madaktari kumi hakuna kitakachobadilika. Hapo wa kuzungumza naye ni mwajiri, wakati wa kuhuisha mkataba. Njia ya pili husema matibabu yamo, lakini masharti hujayatimiza. Wewe umepewa jibu la pili. Wamekutajia masharti matatu, na kwa kuyataja wamekuonesha mlango uko wapi. Kwa uhakika zaidi, omba nakala ya mkataba kamili kwenye ofisi ya utumishi, si kile kijitabu kifupi mnachogaiwa, utafute kifungu kinachotaja unene na upasuaji wake. Usipokiona, waandikie bima wakuoneshe kiko ukurasa gani. Kila utakachoulizia, ulizia kwa maandishi. Jibu la simu halina shahidi.

Sasa hesabu. Uwiano wanaouita BMI ni uzito kwa kilo ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwako ni 97 kugawanya kwa 2.56, inakuja karibu 37.9. Kanuni iliyotumika miaka mingi duniani ilitoka kwenye mkutano wa wataalamu uliofanyika Marekani mwaka 1991: upasuaji huu anafaa mwenye 40 na kuendelea, au mwenye 35 na kuendelea akiwa na maradhi makubwa yanayohusiana na uzito, kama kisukari, presha, au kukatika pumzi usingizini. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na shirikisho la kimataifa, vililegeza kanuni hiyo. Vilipendekeza upasuaji kwa mwenye 35 na kuendelea hata asiwe na ugonjwa mwengine, na kwamba ufikiriwe kwa mwenye 30 hadi karibu 35 mwenye maradhi kama kisukari. Bima nyingi bado zimeshika ile ya 1991. Lakini hata kwa hiyo ya zamani, 37.9 pamoja na presha na sukari inatosha. Kwa hivyo uzito wako si tatizo la barua hii.

Tatizo ni kwamba una presha na sukari mwilini, na kwenye karatasi za bima wewe ni mzima wa afya. Maneno haya yatakuuma, najua, maana unameza vidonge kila siku. Lakini fikiria anavyofanya kazi yule daktari wa bima aliyesoma maombi yako. Hakujui. Mbele yake ana maombi ya hospitali na historia ya madai yaliyopita kwenye kadi yako. Kila ugonjwa unaotibiwa kwa bima huandikwa kwa alama za kimataifa: presha ya kawaida ni I10, kisukari cha aina ya pili kiko chini ya E11, na unene wenyewe una alama yake, E66, maana unahesabiwa kuwa ugonjwa. Akafungua historia yako, akakuta homa za watoto. Hakuna I10, hakuna E11. Vidonge ulivyonunua taslimu dukani havikuacha alama popote. Sikulaumu. Wanawake wengi wa kwetu hujificha hivyo hivyo, na duka la dawa halikuulizi maswali. Ila ile siri uliyowafungia wafanyakazi wenzako umeifungia na bima pia.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuanza kutibiwa sawasawa, na hili lingekupasa hata kama usingefikiria upasuaji. Nenda kliniki ya presha na sukari, hapo hapo Wete au Chake Chake, au hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani ikikubidi. Ulizia bima ni vituo gani vimo katika orodha yao, lakini usiache kwenda pa serikali kwa sababu hapamo. Kumbukumbu ya daktari ni ushahidi hata kama malipo hayakupita kwenye kadi. Chukua vidonge vyako vyote na vikasha vyake, na risiti kama zipo. Mwambie daktari ukweli: nimeanza mwaka fulani, nanunua mwenyewe, sijawahi kuandikwa. Yeye ataandika historia kama ulivyomueleza, kwa tarehe ya siku hiyo. Akitokea mtu akakwambia atakurudishia tarehe nyuma ili ionekane umetibiwa zamani, ondoka hapo. Karatasi moja ya uongo ikigundulika huzifanya na za kweli zisiaminike.

Sukari usiiachie kipimo cha kuchoma kidole peke yake. Omba kile cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c. Asilimia 6.5 na kuendelea ndipo kisukari kinapohesabiwa, na ukiwa tayari unakunywa dawa namba inaweza kuwa chini ya hapo, kwa hivyo daktari aandike wazi kwamba unatumia dawa, jina lake na kiasi chake. Presha ya juu hospitalini huanzia 140 kwa 90, ikipimwa zaidi ya siku moja. Hapo pia daktari ataje dawa. Pima na mafuta ya damu, figo, ini. Magoti yapigwe picha ikiwa daktari ataona haja.

Na huku kukoroma, mwanangu, ndiko kulikonishitua katika barua yako kuliko hata sukari. Umekuandika kama jambo la kuchekesha la ndani ya nyumba. Pumzi inayokatika usingizini ni ugonjwa kamili, unapandisha presha na kuuchosha moyo, na kwa mtu atakayelazwa kwa dawa ya usingizi ni hatari ambayo daktari wa usingizi lazima aijue mapema. Kipimo chake hufanywa usiku mtu akiwa amelala. Huenda ukalazimika kukifuata Unguja au Dar es Salaam, nacho kinastahili safari. Mumeo ndiye shahidi wa anachokisikia usiku, basi aende nawe akamueleze daktari kwa kinywa chake. Ugonjwa huu ukithibitishwa unakuwa sababu ya tatu katika maombi yako, na peke yake ungekupasa kutibiwa.

Kuna jambo moja linahitaji uangalifu. Ulipoingizwa kwenye bima, je, ulijaza fomu inayouliza kama una maradhi ya kudumu? Bima za vikundi mara nyingi haziulizi mmoja mmoja, lakini nyengine huuliza. Kama ulijaza na ukaandika huna, na ilhali presha ulishaijua, rekebisha kwa maandishi sasa, kabla hujapeleka maombi mapya. Wakikuwekea muda wa kusubiri, utasubiri. Wakiligundua wenyewe siku ya madai makubwa, wanaweza kukuacha na deni la hospitali.

Sasa miezi sita. Sharti hili watu hulidharau, na ndilo linaloangusha maombi mengi. Wanachotaka ni kuona kwamba kila mwezi ulikwenda kwa daktari au mtaalamu wa lishe, ukapimwa uzito kwenye mizani ya kituo, na yakaandikwa mambo mliyozungumza: umekula nini, umetembea kiasi gani, umeshindwa wapi, mwezi ujao mtajaribu nini. Kumbukumbu inayosema tu "ameshauriwa kupunguza mafuta" haitoshi. Ukiruka mwezi mmoja, bima inaweza kukurudisha mwanzo wa kuhesabu, kwa hivyo waulize mapema wanahesabu vipi. Ramadhani ikiingia katikati usikatize. Panga tarehe na kliniki kabla ya mwezi kuandama, na dawa zako za sukari zipangwe upya kwa ajili ya funga na daktari, usizipange mwenyewe.

Mtaalamu wa lishe umueleze chakula unachokila kwa jina lake. Sema wali wa nazi, sema chapati za asubuhi na chai ya maziwa yenye vijiko vyake vya sukari, muhogo, mikate ya kumimina, urojo wa jioni ukitoka kazini. Mwanamke akiulizwa anakula nini hujibu "nakula kidogo tu", na mtaalamu anabaki hana la kumsaidia. Yale majaribio yako ya zamani nayo aandikiwe yote, hata zile chai za mitandaoni, na hizo uziache leo. Hujui zimetiwa nini, na wewe una presha.

Utaniuliza: je, nikipungua katika miezi sita hiyo, si nitashuka chini ya 35 wanikatalie tena? Wengi hujizuia wasipungue kwa hofu hiyo. Waandikie bima swali moja: uzito utakaohesabiwa ni wa siku niliyoanza programu au wa siku ya maombi? Ziko bima zinazohesabu wa mwanzo, na ziko zinazotaka hata kuona umepungua kidogo kama dalili kwamba utaweza masharti ya baada ya upasuaji. Kwa urefu wako, 35 ni karibu kilo 90. Ukishuka chini ya hapo kwa lishe na dawa, na sukari ikatulia, na presha ikashuka, utakuwa umepata ulichokitaka bila kisu, na daktari mpasuaji mwenyewe atakuwa wa kwanza kukupongeza. Ukishuka kisha zikarudi, kama ilivyokuwa huko nyuma, hilo nalo litaandikwa, na ni hoja ya kitabibu kwa upande wako.

Ama ushauri wa mwenzako wa kula ufike 40: kwa urefu wako hiyo ni kilo 102 na zaidi. Kilo hizo zitakaa kwenye ini na moyo kama zinavyokaa kwingine. Wapasuaji wengi huwapa wagonjwa chakula chepesi maalumu wiki mbili hivi kabla ya upasuaji ili ini lenye mafuta lipungue, maana liko juu ya tumbo la chakula na likiwa kubwa linawaziba njia. Wewe utakuwa unalinenepesha. Tena kilo 97 zako zimeshaandikwa Dar es Salaam. Ukija na 103 baada ya muda mfupi, na sharti lenyewe lilikuwa miezi sita ya kupungua, umejiharibia mwenyewe.

Kuna bima zinazodai pia upimwe na mwanasaikolojia. Usiogope, hakuna anayekudhania wazimu. Wanataka kujua kama unakula kwa huzuni, kama unaelewa maisha yatakavyobadilika, na kama una mtu wa kukushika mkono. Huzuni uliyoniandikia mimi mueleze na yeye.

Ukishakuwa na faili hilo, rudi kwa mpasuaji. Barua yake ya safari hii iwe ndefu kuliko ile ya mwanzo: urefu na uzito, uwiano, kila ugonjwa na tarehe uliyothibitishwa, dawa, matokeo ya vipimo, kumbukumbu za miezi sita moja moja, upasuaji anaoupendekeza na kwa nini huo, na hatari za kukuacha ulivyo. Ataje na mapendekezo ya 2022 niliyokueleza. Wewe baki na nakala ya kila karatasi nyumbani.

Upasuaji wautaje kwa jina. Ule aliokwambia, kama nimekufahamu, ni wa kuondoa takriban robo tatu au zaidi ya tumbo la chakula na kuacha mfano wa mkono wa kanzu, kilichokatwa hakirudi. Uko mwengine wa kutengeneza kifuko kidogo na kukiunga na utumbo mbele. Na liko puto, ambalo huingizwa tumboni kwa kupitia mdomoni bila kupasuliwa, likakaa miezi kadhaa kisha likatolewa. Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wanafanya hilo. Kibali cha kimoja si kibali cha kingine, na puto lina nafasi kubwa zaidi ya kuambiwa halimo.

Wakikataa tena, omba sababu kwa maandishi na nambari ya kifungu, halafu kata rufaa ndani ya muda waliouweka. Mwambie mpasuaji aombe kuzungumza na daktari wa bima, daktari kwa daktari. Ikishindikana, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inasimamia kampuni za bima Bara na Visiwani na ina ofisi Zanzibar, na iko pia ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Huko hupelekwa malalamiko baada ya kampuni yenyewe kupewa nafasi ya kujibu, na ndipo nakala zako zitakapofanya kazi.

Kuhusu kazini: ofisi ya utumishi inahitaji kujua umelazwa na utapumzika siku ngapi. Maradhi yako hayawahusu. Vyeti vya kitabibu vitoke hospitali viende bima moja kwa moja, na ukilazimika kuvipitisha ofisini, viwe ndani ya bahasha iliyofungwa.

Nirudi kwenye mikarafuu. Ndugu yako wa Muscat anakupenda, ila kuna kitu hakukwambia. Bei ya upasuaji si gharama yote. Mshono ukivuja, damu ikiganda mguuni, ukirudishwa chumba cha upasuaji, nani atalipa? Bima nyingi haziyalipii matatizo yanayotokana na matibabu ambayo hazikuyakubali. Ukilipa mwenyewe leo, ukaumwa kesho, unaweza kujikuta unauza na fungu la watoto. Na hata bima ikikubali, waulize: wanalipia matatizo ya baadaye? Wanalipia vipimo vya damu vya kila mwaka? Wanalipia vitamini? Maana baada ya upasuaji huu utameza vitamini na madini maisha yako yote, B12, chuma, kalisi, vitamini D, na ukiacha utaishiwa damu au mishipa ya fahamu iharibike. Ngozi itakayolegea wataiita urembo, hilo jiandae nalo. Nauli za boti, malazi ya Dar es Salaam, na mtu wa kukuuguza, kwa kawaida ni juu yako. Ikiwa lazima mkarafuu usaidie jambo, mavuno ya msimu yalipe hayo, mti ubaki.

Mume wako simuoni kuwa mbaya. Ana hofu, na ameivalisha nguo ya dini. Katika dini yetu kutafuta tiba kumehimizwa, na wanazuoni hutofautisha kukata kwa ajili ya maradhi na kukata kwa ajili ya pambo. Nendeni wawili kwa shekhe mnayemuamini, mkiwa na majibu ya vipimo mkononi, sio na neno "kukonda". Halafu nendeni wawili kwa daktari. Na yapo ya ndani ambayo lazima ayasikie: mimba iahirishwe miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, na mwanamke akipungua uzito hushika mimba kwa wepesi zaidi kuliko kabla, kwa hivyo njia ya uzazi wa mpango iamuliwe kabla, na vidonge si chaguo zuri kwa kila aina ya upasuaji. Funga ya Ramadhani ya mwanzo huenda ukaambiwa usifunge, kwa sababu maji utakuwa unayanywa funda kwa funda mchana kutwa. Chakula cha wageni utakimega matonge machache na watu watakuangalia. Mama mkwe mwambie kwamba una sukari. Usimwambie zaidi ya hapo. Sukari kila nyumba ya Pemba inaijua, na mama aliyekwishaona mtu akikatwa mguu kwa sukari hatakuuliza tena nani hakulishi.

Jambo la mwisho la kuulizia wiki hii hii: mkataba wa benki yenu na kampuni ya bima unamalizika lini? Miezi sita yako isije ikavuka tarehe hiyo, mwajiri akahamia kampuni nyengine, masharti yakabadilika au uanze upya. Kama tarehe iko karibu, mwambie afisa utumishi kwamba wafanyakazi wanataka matibabu ya unene uliothibitishwa na daktari yabaki ndani ya mkataba mpya, na kwamba anayehama akiwa katikati ya matibabu asianze upya. Huhitaji kusema ni wewe. Waombe na wenzako wawili watatu waseme vivyo hivyo, na naamini hapo benkini hawakosekani.

Shangazi